Mwaridi wa Khatijabai

Mimi si mtu wa hasira. Ninaanza na hilo kwa sababu mume wangu Nasri akipata nafasi atawaambia vingine, na majirani wa Makorora watamuunga mkono. Mimi ni mtu wa kusema, basi. Kitu kikinikera nakitoa palepale, na kikishatoka kimekwisha. Kwamba kwa aliyeambiwa bado hakijakwisha, hilo nimelijua mwaka huu, ukubwani, na aliyenifundisha ni wifi yangu Kijakazi.

Bustani yangu yote imo kwenye vyombo. Uwanja wetu ni sakafu ya saruji toka ukuta huu hadi ule, ukidondosha kokwa ya tende haina pa kuota. Mchicha umo kwenye beseni lililopasuka, nyanya kwenye ndoo za rangi, bamia kwenye viroba vya unga, na pilipili mbuzi kwenye sufuria ya pilau iliyotoboka. Mnanaa na giligilani vimo kwenye madumu niliyoyakata ubavuni. Dirishani, kwenye vikombe vilivyovunjika mikono, viko vijimea vya majani manene ambavyo binti yetu Samiha huniletea kila akija likizo kutoka Arusha. Kimoja kina majani yenye ncha kali yaliyojipanga duara, mkonge mtupu, ila ni mdogo wa kutosha kiganjani. Nasri, aliyefanya kazi miaka thelathini kwenye shamba la mkonge njia ya Pongwe, hajakizoea mpaka leo.

"Mkonge umenichana miguu miaka thelathini," huwaambia wageni, "leo mke wangu kaupanda kwenye kikombe cha chai."

Wageni hucheka. Mimi huwapa wageni chai bila sukari.

Lakini mwenye uwanja ni mwaridi. Umo kwenye pipa lililokatwa nusu, pembeni mwa mlango wa jikoni, mahali panapopata jua la asubuhi. Maua yake ni ya rangi ya waridi iliyokolea, si makubwa, na yana harufu. Nasisitiza harufu kwa sababu siku hizi mtu anakuletea ua refu kutoka dukani, limefungwa nailoni, ukilinusa unanusa nailoni. Mwaridi wangu ukichanua maua matatu tu, anayepita barabarani anageuza shingo.

Mti huo asili yake ni Chumbageni, nyumbani kwa Khatijabai. Sisi sote tulimwita Bai. Alikuwa na duka la vitambaa chini, nyumba juu, na mimi nilishona mapazia kwenye baraza lake miaka kumi na tisa. Mwaridi ulikuwa ubavuni mwa baraza, ulipandwa na mkwewe, na ukoo wao ulikuwa na desturi yao juu yake: biharusi wa nyumba ile hatoki kwao mpaka sinia lenye mawaridi saba ya mti ule litangulie mbele yake. Niliwaona mabinti watatu wakitoka hivyo. Bai alipouza nyumba akahamia Dar es Salaam kwa mwanawe Alnoor, mwenye nyumba mpya akamwaga zege ubavu mzima. Nilikuwa nimewahi kukata vijiti vitano. Vinne vilikufa. Kimoja ndicho hicho cha kwenye pipa, sasa kina miaka sita.

Mwezi wa nane Bai akanipigia simu. Mjukuu wake Sana, binti wa Alnoor, anaolewa na kijana wa hapahapa Tanga, na harusi itafanyika Tanga, Ijumaa ya tatu ya mwezi wa kumi.

"Zuwena," akasema, "nataka mawaridi saba. Ya mti wetu. Unayo?"

"Bai, saba? Mimi nitakupa kumi na manne."

Ndivyo nilivyo. Mtu ananiomba kijiko mimi namwahidi sufuria. Nilipoweka simu chini Nasri alinitazama tu, nikamwambia aache kunitazama.

Nilipunguza matawi, nikaweka samadi ya mbuzi, na kufikia mwisho wa mwezi wa tisa mwaridi ulikuwa na matumba kumi na moja. Kumi na manne hayakuwa, lakini kwa saba ya sinia na manne ya ziada nilikuwa nimejitosheleza.

Wakati huohuo ndipo Kijakazi alipokuja. Ni dada mkubwa wa Nasri, mjane, ameishi maisha yake yote Tongoni akilima mpunga bondeni karibu na mikoko. Magoti yameanza kumsumbua na watoto wake wako mbali. Nasri alitaka ahamie kwetu moja kwa moja. Mimi nikasema aje mwezi mmoja, kisha tuone. Nilikuwa na sababu zangu. Siku ya harusi yangu, miaka thelathini na moja iliyopita, mwanamke huyu alisema mbele ya watu kwamba biharusi ana maneno mengi. Sikusahau.

Siku ya kwanza nilimzungusha uwanjani nikampa sheria. Vya dirishani asiviguse, vikinyweshwa zaidi ya mara mbili kwa mwezi vinaoza. Mboga asubuhi na jioni, kwa kopo, chini kwenye shina, si juu ya majani.

"Na maji ya samaki," nikamwambia huku nikimwonyesha pipa kwa kidole, "yasimwagwe nje hata tone. Yote ni ya mwaridi."

"Yote?"

"Yote, wifi. Sisemi mara mbili."

Nani hapa pwani hajui kwamba maji yaliyooshewa samaki yananenepesha waridi? Mama yangu alifanya hivyo, na Bai alifanya hivyo. Kijakazi akaitikia kwa kichwa, akajifunga kanga kiunoni, akaingia jikoni. Kwa wiki tatu hakunipa hata sababu moja ya kulalamika, na hilo lenyewe lilinikera. Alifagia kabla sijaamka. Alimuuliza Nasri chakula gani nakipenda, naye akamwambia papa wa nazi. Basi tukala papa. Kila baada ya siku moja, papa mkavu, ameroweshwa usiku kucha kwenye sufuria kubwa, asubuhi ameoshwa tena, kisha anaungwa kwa nazi nzito na ndimu mpaka unasahau ulichotaka kusema. Nasri alisema hajawahi kuniona nimekaa kimya mezani muda mrefu hivyo.

Jumamosi, siku sita kabla ya harusi, niliona majani ya mwaridi yameungua kingoni. Ya chini yalikuwa yameanza kupukutika, na matumba mawili yameinamisha vichwa.

Sikutafuta sana. Siku tatu nyuma jirani yetu Asmahani alikuja kuomba mnanaa, akasimama mbele ya pipa, akayahesabu matumba yangu kwa kidole, kwa sauti, moja hadi kumi na moja, akasema, "Mwaka huu yamejaa!" Hakusema mashallah. Nilisikia kwa masikio yangu kwamba hakusema. Nikavaa kandambili nikaenda mlangoni kwake, nikamweleza kuhusu jicho lake, na la mama yake, na kwa kuwa nilikuwa nimeshafika, nikamweleza pia kuhusu jogoo wake. Asmahani akalia. Nikarudi nyumbani nikiwa sijisikii vizuri hata kidogo.

Nilipoinama kwenye pipa kutazama tena, nikaona kitu kingine. Juu ya udongo, na kwenye ukingo wa pipa, kulikuwa na unga mweupe.

"Nasri!" nikapiga kelele. "Njoo uone! Wametutilia dawa!"

Akaja Nasri, na nyuma yake Kijakazi, anapangusa mikono kwenye kanga. Nasri alisimama mbali, ameshika kofia yake. Kijakazi akapiga magoti kwa shida, akachukua ule unga kwa ncha ya kidole, akauweka ulimini kabla sijamzuia.

Akatema pembeni. Kisha akasema, "Chumvi."

"Chumvi imetoka wapi?"

Aliutazama mlango wa jikoni, akarudi kulitazama pipa. Uso wake ulibadilika, na nilijua kwamba amejua.

"Mie," akasema. "Ni mie, mama Samiha. Maji ya papa. Ulisema maji ya samaki yote. Nami kila asubuhi namwaga hapa, wallahi nasema bismillahi namwaga. Papa ni samaki, mie sikuwaza chumvi."

Wiki tatu. Sufuria kubwa, kila baada ya siku moja. Papa anayeroweshwa ili atoe chumvi, na chumvi yote inakwenda kwenye mwaridi wa Bai. Na aliyekuwa akimla papa mwenyewe ni mimi.

Nilichosema hapo sikipendi. Nilisema mtu aliyezeeka shambani asiyejua chumvi inafanya nini kwenye mmea angebaki hukohuko kwao. Nilisema mengine pia. Nasri akasema, "Zuwena," kwa sauti ndogo, nami nikaendelea. Kijakazi alibaki amepiga magoti, mkono mmoja umeshika ukingo wa pipa, ananisubiri nimalize. Nilipovuta pumzi, akasema:

"Utanifukuza baadaye. Sasa hivi lete maji."

Sijui kwa nini nilitii, lakini nilikwenda kuleta maji.

"Chumvi naijua kuliko nyie wote," alisema huku akipandisha mikono ya gauni. "Bahari ikipanda inaingia bondeni, mpunga unaungua hivihivi, kingoni. Unafungulia maji baridi ya mto, yanakaa, unayatoa. Unafungulia tena. Mpaka chumvi ichoke. Nasri, toboa pipa hilo chini, matundu hayatoshi."

Nasri akaleta msumari na nyundo. Tuliliinua pipa tukaliweka juu ya matofali, tukakinga beseni chini. Mimi nachota bombani, Kijakazi anamimina polepole, kopo kwa kopo, kuzunguka shina. Maji yalipoanza kutoka chini alichovya kidole akaonja, akatema. "Bado." Tukamimina tena. Akaonja. "Bado." Adhuhuri ikaadhiniwa, tukaswali kwa zamu. Nikaonja na mimi, kwa sababu siwezi kukaa jambo linafanyika bila mimi kuonja, na maji yalikuwa mchuzi. Mgongo uliniuma na gauni lililowa hadi kifuani. Ilipofika alasiri Kijakazi alionja, akafikiri, akaonja tena.

"Udongo," akasema. "Udongo mtupu. Alhamdulillahi."

Nilikaa chini kwenye sakafu iliyolowa na nikacheka, namna ile ya mtu aliyechoka. Yeye hakucheka.

"Sasa kuna neno jingine," akasema. "Matumba. Mizizi imeungua, haiwezi kulisha matumba kumi na moja. Ukiyaacha, huenda Ijumaa ukapata maua matano sita, manyonge, lakini mti utakufa. Ukiyakata, mti huenda ukaishi. Mie nakwambia ninachojua. Mkono siutii, ni mti wako."

Niliyatazama. Yale tisa yaliyosimama yalikuwa yameanza kupasua kijani, unaona mstari wa waridi ndani. Siku sita. Niliyaona saba kwenye sinia, nikamwona Bai anatabasamu, nikajiona mimi nimesimama pembeni nimevaa deera jipya, watu wanaambiwa huyu ndiye Zuwena aliyeutunza. Niliitaka siku hiyo. Sitasema uongo, niliitaka kuliko nilivyoutaka mti.

Nikachukua mkasi wangu wa kushonea nikayakata yote, moja baada ya jingine. Nililia kwa sauti. Asmahani alichungulia juu ya ukuta, akaona, akarudi chini, na kesho yake nilikwenda kumwomba radhi. Alinisamehe kwa bamia, kiroba kizima.

Nasri, masikini, alitaka kusaidia. Alisema mjini yako mawaridi ya kununua. Tungenunua saba, tuyanyunyizie marashi, na kwa kuwa macho ya Bai siku hizi ni ya ukungu, asingejua. Nililifikiria jambo hilo siku tatu. Nilikwenda hadi dukani, nikayashika. Nikayarudisha kwenye ndoo yao.

Jumatano Bai akaja mwenyewe. Sikumtegemea mpaka Ijumaa. Gari likasimama nje, Sana akamshusha bibi yake kwa mkono, Bai amevaa nguo nyeupe, amekuwa mdogo, anatembea akinusa hewa.

"Shikamoo, Bai."

"Marahaba, mwanangu. Uko wapi mti wangu? Mbona sisikii harufu?"

Nikamshika mkono nikampeleka penye pipa. Hayakubaki majani zaidi ya kumi. Hakuna ua. Ni miiba imesimama. Alinyoosha vidole akapapasa, akapapasa tena, na uso ukamshuka.

"Nani kaufanya hivi?"

Kijakazi alikuwa mlangoni mwa jikoni. Nilimwona kwa pembe ya jicho akipiga hatua mbele, amefungua mdomo. Nimeshawahi kusema kwamba mimi nikikerwa natafuta wa kumwambia. Safari hii maneno yalitoka kabla yake, na hayakwenda upande wake.

"Mimi, Bai. Nilitoa amri maji yote ya samaki yamwagiwe hapa, na nyumbani kwangu huliwa papa. Chumvi imeuchoma. Mawaridi yako saba sina. Nilikuahidi kumi na manne, na sina hata moja."

Bai aliinamisha kichwa. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia.

"Papa!" akasema. "Zuwena! Papa wa nazi?" Alikuwa anacheka, ameshika mkono wa Sana asianguke. "Mkwe wangu angefufuka akuzabe kofi." Alicheka mpaka akakohoa. Kijakazi akamletea kiti na maji ya kunywa. Bai alipopumzika akauliza, "Na nani aliyeutoa chumvi? Shina hili bado bichi, nalisikia."

"Wifi yangu. Huyu aliyekupa maji. Bila yeye ningekuwa nimeutupa."

Bai akamtafuta Kijakazi kwa mkono mpaka akampata, akamwambia akae karibu. Wakaanza kuzungumza wao wawili, juu ya udongo, juu ya matawi yapi mabichi na yapi yamekufa, na mimi nikasahaulika kwenye uwanja wangu mwenyewe. Mwisho Bai akasema:

"Maua yananyauka siku ya pili. Kila harusi nilikuwa nasema hivyo moyoni. Mkatieni Sana vijiti saba. Vichagueni vizuri."

Kijakazi alivichagua, kila kimoja alikikwangua kwa ukucha kwanza kuona kijani. Mimi nilikata.

Ijumaa, biharusi alipotoka, sinia la shaba lilitangulia mbele yake kama desturi, na ndani yake, juu ya kitambaa kibichi, kulikuwa na vijiti saba vya miiba bila jani. Wageni walinong'onezana. Mama wa bwana harusi alimuuliza Bai vile ni nini. Bai akamjibu kwamba ni mawaridi, asubiri tu.

Kabla hawajaingia garini Sana aliniita, mikono yake imejaa hina, akaniuliza vinapandwaje. Nilifungua mdomo. Kichwani nilikuwa na sheria zote, jua la wapi, makopo mangapi, kwa mpangilio. Nikaufunga.

"Muulize wifi yangu," nikasema. "Ndiye fundi."

Kijakazi alishtuka. Kisha akasogea, akamwinamia biharusi, akaanza kumweleza polepole, huku watu wote wanangoja na dereva anapiga honi.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, Nasri ametangulia. Kijakazi alikuwa anatembea taratibu kwa ajili ya magoti, nami nikapunguza mwendo.

"Mama Samiha," akasema, "keshokutwa mwezi wangu unatimia. Nimeshaanza kufunga vitu vyangu."

"Mwezi gani?"

"Ule uliosema."

"Wifi, mimi nasema mengi, hata wewe unajua, ulishawaambia watu siku ya harusi yangu." Nilimshika mkono tuvuke barabara. "Vifungue. Na tuongeze hatua kidogo, mchicha haujanyweshwa tangu asubuhi."